Uzito Mmoja, Miili Miwili: Mafuta na Misuli ya Mtoto Anayekua

Katika lugha yetu mtoto mnene husifiwa kuwa amenawiri, na mtoto mwembamba huulizwa anaumwa nini. Sifa hiyo na swali hilo havikuzuka bure. Kwa vizazi vingi adui mkubwa wa mtoto katika nchi yetu alikuwa njaa, na jicho la mama lilijifunza kuitambua hata kabla mizani haijafika zahanati. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilipoundwa mwaka 1973, na kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai ilipoendeshwa mwaka 1975, upungufu wa chakula bora ndio uliokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Vita hivyo havijamalizika. Lakini siku hizi katika wilaya moja, na pengine katika darasa moja, wamo mtoto aliyedumaa kwa njaa ya utotoni na mtoto anayerundika mafuta kuliko mwili wake unavyohitaji. Na mara nyingine hao wawili ni mtoto mmoja. Habari ya mtoto huyo haisomeki katika mizani peke yake. Hapana budi kuuliza: katika kilo zile, ngapi ni mafuta, na ngapi ni misuli na mifupa?

Swali hilo ni la biolojia, lakini kulijibu kwahitaji fizikia, kemia na hesabu, na ndiyo maana linafaa kuwekwa mbele ya darasa la sekondari. Tutaanza na jinsi mwili ulivyoundwa na jinsi unavyopimwa. Kisha tutakwenda wilaya ya Kilosa na mji wake wa Mikumi, ambako wakulima, wafugaji na watu wa barabara kuu huishi jirani, kila kundi na chakula chake.

MWILI UNA VITU GANI

Tukiutazama mwili kwa jicho la mkemia, tunaona vitu vinne vikubwa: maji, protini, madini na mafuta. Wanga uliomo ni kidogo sana, gramu mia chache tu, uliowekwa akiba katika ini na misuli kwa jina la glaikojeni. Wataalamu hurahisisha hesabu kwa kuugawa mwili katika mafungu mawili: fungu la mafuta, na fungu lisilo mafuta, ambalo ndani yake mna misuli, mifupa, damu, ubongo na viungo vingine vya ndani.

Mafuta si takataka. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4. Kwa hiyo mafuta ni ghala linalochukua nafasi ndogo na kuweka akiba kubwa. Vile vile tishu za mafuta hutoa homoni. Mojawapo, iitwayo leptini, iligunduliwa mwaka 1994. Kazi yake ni kuupa ubongo habari za akiba iliyopo, na ubongo huitumia habari hiyo, pamoja na nyingine, katika kuruhusu balehe kuanza. Msichana mwenye akiba ndogo mno huchelewa kuvunja ungo. Mwili, kama mkulima mwenye busara, haupangi mambo makubwa kabla ya kutazama ghala.

Uwiano wa mafungu haya mawili hubadilika mtoto anapokua. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ana mafuta yanayofikia karibu sehemu moja katika saba ya uzito wake. Afikapo miezi sita, mafuta yamekuwa kama robo ya uzito, na ndipo tunapomwona amejaa mashavu. Baadaye, aanzapo kutembea na kukimbia, mafuta hupungua. Mtoto wa miaka mitano au sita huonekana mwembamba kuliko alivyokuwa na kuliko atakavyokuwa, na wazazi wengi huhangaika bure. Katika balehe njia za wavulana na wasichana huachana. Mvulana huongeza misuli na mifupa kwa kasi, na kwa muda asilimia ya mafuta yake hushuka. Msichana huongeza yote mawili, hata mwisho wa balehe mafuta huwa kama robo ya uzito wake. Haya ni maumbile. Si ugonjwa wala uvivu, na mwalimu wa biolojia akilisema jambo hili waziwazi katika kidato cha pili atawaondolea wasichana wengi aibu isiyo na msingi.

MIZANI INAPODANGANYA

Mfano wa kwanza wa udanganyifu wa mizani unajulikana sana Afrika. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana wakati ule ikiitwa Gold Coast, aliueleza ugonjwa wa watoto ambao Waga wa huko waliuita kwashiakoo. Mwaka 1935 alilitumia jina hilo la Kiga katika maandishi ya kitabibu, na sasa latumika ulimwengu mzima. Mtoto mwenye kwashiakoo huvimba miguu na uso. Akiwekwa kwenye mizani huenda akaonekana si mwepesi sana, maana uzito unaosomeka ni wa maji yaliyojaa chini ya ngozi; misuli yake imekwisha kuliwa na mwili wenyewe.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, aliwachunguza wacheza mpira 25 wa Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito ya wakati ule wengi wao wasingekubaliwa jeshini, kwa kuwa walihesabiwa kuwa wanene mno. Behnke aliwapima kwa kanuni ya Akimedi: kwanza nje ya maji, kisha wakiwa wamezama. Mafuta yana densiti ya takriban gramu 0.90 kwa kila sentimita ya ujazo, na fungu lisilo mafuta takriban 1.10. Basi mwili wenye densiti kubwa una mafuta machache. Ikaonekana kwamba wachezaji wale walikuwa wazito kwa misuli.

Kipimo kinachotumika zaidi mashuleni na zahanati kilitokana na mwanahesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliyeishi katika karne ya 19. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Tutaliita jawabu lake uwiano wa uzito na urefu. Kwa mtu mzima mipaka yake haibadiliki, lakini kwa mtoto hubadilika kila mwezi, kwa hiyo hutumika majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 kwa umri wa miaka 5 hadi 19. Kwa mvulana wa miaka 14 kiwango cha kati ni 19.0. Akiwa chini ya 15.5 huhesabiwa kuwa mkondefu, akipita 21.8 uzito wake umezidi, akipita 25.9 ana unene wa kupindukia.

Sasa tuchukue wavulana wawili wa kubuni wa umri huo, wote wenye urefu wa mita 1.50 na uzito wa kilo 45. Uwiano wao ni 45 kugawanywa kwa 2.25, yaani 20.0. Jedwali lasema wote ni wa kawaida. Lakini mmoja ana kilo 6 za mafuta na kilo 39 za fungu lisilo mafuta. Mwingine ana kilo 13 za mafuta na kilo 32 tu za misuli, mifupa na vinginevyo. Wa kwanza ana asilimia 13 ya mafuta, wa pili asilimia 29. Uzito ni mmoja, urefu ni mmoja, miili ni miwili.

Tumwongeze wa tatu, mwenye urefu wa mita 1.40 na kilo 37. Uwiano wake ni 18.9, karibu sawasawa na kiwango cha kati. Jedwali la uzito halina neno naye. Lakini kiwango cha kati cha urefu katika umri wake ni kama mita 1.63; kijana huyu amedumaa vibaya. Hapa ndipo penye ila kubwa ya kipimo hiki: husamehe ufupi. Mtoto aliyekosa urefu na uzito kwa pamoja hutoka na jawabu zuri.

Je, kuna namna ya kuyapima mafuta yenyewe bila kumzamisha mtoto majini? Ipo, na ni nzuri kwa somo la kemia. Mtoto hunywa maji kidogo yenye haidrojeni nzito iitwayo duteri, ambayo haina mionzi. Baada ya saa chache maji hayo huwa yamechanganyika na maji yote ya mwili, na mate yake hupimwa ili kuona duteri imepungua makali kiasi gani. Ni sawa na kutia kijiko cha wino katika ndoo usiyoijua ujazo: kadiri wino unavyofifia ndivyo ndoo ilivyo kubwa. Ukishajua maji ya mwili umejua fungu lisilo mafuta, kwa kuwa mafuta hayahifadhi maji, na kwa mtoto wa miaka kama tisa takriban asilimia 76 ya fungu hilo ni maji. Mtoto wa kilo 30 akikutwa na kilo 17 za maji, fungu lake lisilo mafuta ni 17 kugawanywa kwa 0.76, yaani kilo 22.4. Zinazobaki, kilo 7.6, ni mafuta: robo ya uzito wake.

Njia hiyo ilitumiwa katika utafiti wa nchi nane za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, kwa watoto zaidi ya 1,500 wa miaka 8 hadi 11. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa uwiano wa uzito na urefu, watoto wenye unene wa kupindukia walikuwa chini ya mmoja katika kumi. Kwa duteri, waliokuwa na mafuta ya kupita kiasi walikaribia watatu katika kumi. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto wenye mafuta mengi walipita mbele ya jedwali bila kuonekana.

KUTOKA MKATA HADI MIKUMI

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imekaa kana kwamba ilipangwa kwa ajili ya somo hili. Upande wa magharibi ipo milima ya Ukaguru na Rubeho. Upande wa mashariki watandaa uwanda wa Mkata. Wakulima, Wakaguru na Wasagara pamoja na wengine waliovutwa zamani na mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa, hulima mahindi, mpunga, ufuta na mbaazi. Uwandani, kama vile katika kijiji cha Twatwatwa, wako Waparakuyo, wafugaji wa ng'ombe. Kusini uko mji wa Mikumi, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia. Ukiiacha barabara hiyo pale Mikumi na kushika njia ya Ifakara, unafika Kidodi na Ruaha, kwenye mashamba ya miwa yaliyogawanywa na mto Ruaha Mkuu, upande mmoja Kilosa na upande wa pili Kilombero.

Tuanze na mtoto wa mkulima. Chakula chake kikuu ni ugali. Hatari yake kubwa ilikuja mapema, tangu tumboni hadi miaka miwili, hasa katika miezi ya kabla ya mavuno ghala linapokuwa tupu, mama akiwa shambani na mtoto akinyweshwa uji mwepesi wa unga mtupu. Katika miaka hiyo urefu uliopotea ni mgumu kurudishwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 34, na mwaka 2022 asilimia 30. Maendeleo yapo. Lakini mwalimu akumbuke kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari wa leo walizaliwa karibu na mwaka ule wa 2010. Asilimia 42 ile sasa imekaa mbele yake kwenye madawati.

Kati ya miaka 2013 na 2018 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na watafiti wa Ujerumani, kiliendesha mradi wa usalama wa chakula uliofanya kazi katika vijiji vya Ilakala na Changarawe wilayani humu. Miongoni mwa mambo yaliyojaribiwa ni bustani za mboga karibu na nyumba, hata ndani ya mifuko iliyojazwa udongo, ili familia isikose mchicha na matembele mvua zinapokatika. Ni jambo dogo kwa macho. Lakini mboga, kunde na dagaa ndivyo vinavyoleta madini na protini ambavyo ugali peke yake hauna, na bila hivyo mtoto hupata nishati ya kunenepa asipate matofali ya kujengea.

Mtoto wa mfugaji ana habari nyingine. Umbo la watu wa jamii za Kimaasai, kama la Waturkana wa Kenya na wengine wa ukoo huo wa kiniloti, ni refu na la miguu mirefu. Mguu una uzito mdogo kwa kila sentimita kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo mtu mwenye miguu mirefu hutoka na uwiano mdogo hata akiwa na afya njema. Mvulana wa Kiparakuyo wa miaka 14 mwenye mita 1.65 na kilo 43 hupata uwiano wa 15.8, karibu kabisa na mpaka wa ukondefu. Je, ana njaa? Huenda ndiyo, huenda siyo. Kumwandika mgonjwa kwa hesabu hiyo tu ni kosa, na kudharau wembamba wake kwa kusema “hao ndivyo walivyo” ni kosa la pili, tena baya zaidi, kwa maana maziwa siyo tena mlo mzima wa mfugaji. Malisho yamebanwa, maziwa huuzwa, na fedha hununua unga wa mahindi. Njia ya kuamua ni kumpima tena baada ya miezi mitatu au minne: anayekua vizuri huongezeka, mwembamba ama mnene.

Sasa tushuke Mikumi. Mji wa barabara kuu una tabia zake. Malori na mabasi husimama usiku na mchana. Chipsi, mayai, maandazi, soda na juisi za unga hazipungui, na sarafu humfikia mtoto kwa urahisi kuliko zinavyomfikia mtoto wa mlimani. Wamo pia wanafunzi waliotoka vijiji vya mbali, waliopanga vyumba karibu na shule na kujipikia wenyewe. Mvulana wa miaka 15 aliyechoka, mwenye mkaa kidogo na shilingi chache, atanunua kinachoshibisha upesi. Hatuwezi kumlaumu. Lakini tazama mambo yanavyokutana: mtoto aliyedumaa mlimani, mwenye fungu dogo la misuli, anahamia penye sukari na mafuta ya kukaangia. Huyu ndiye yule tuliyemtaja mwanzoni, mwenye matatizo mawili katika mwili mmoja.

SUKARI INAKWENDA WAPI

Kwa nini uchache wa misuli uwe hatari? Hapa tunaingia katika umetaboli, yaani mfululizo wa mabadiliko ya kikemia ambayo kwayo mwili huvunja chakula, hujijenga na kupata nishati.

Baada ya mlo wanga huvunjwa kuwa glukosi na kuingia katika damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huziamuru seli kuipokea glukosi. Mpokeaji mkubwa ni misuli: huitumia kwa kazi au huiweka akiba kama glaikojeni. Misuli ikiwa michache, au ikikaa bila kazi na ghala zake zikijaa, glukosi hukosa pa kwenda. Ini huigeuza kuwa mafuta. Sukari ya mezani ina nusu yake fruktosi, na fruktosi hushughulikiwa zaidi na ini, kwa hiyo vinywaji vya sukari huliongezea mzigo. Mafuta yakizidi hayakai chini ya ngozi tu. Huingia tumboni kuzunguka matumbo, na ndani ya ini na misuli yenyewe. Seli zenye mafuta ya namna hiyo huwa nzito wa kusikia amri ya insulini. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi, na kwa miaka mingi hufaulu. Damu ikipimwa sukari huonekana sawa. Hakuna maumivu wala homa. Siku kongosho lishindwapo, ndipo watu husema kisukari kimemwanza, kumbe kilianza akiwa shuleni.

Kudumaa kwenyewe huongeza hatari hii. Mwaka 2000 watafiti walichapisha habari za watoto wa mitaa maskini ya São Paulo, Brazili: waliodumaa walichoma mafuta kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wasiodumaa wa mitaa hiyo hiyo. Mwili uliozoea ukosefu huweka akiba, hata ukosefu unapokwisha.

Karibu nasi zaidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha Waturkana zaidi ya 1,000 wa Kenya: wanaoendelea kufuga, walioacha ufugaji lakini wakabaki shamba, na wanaoishi mijini. Wafugaji walikuwa na afya nzuri ya moyo na umetaboli, na walioacha ufugaji bila kuhamia mjini hawakutofautiana nao sana. Wa mijini walikuwa na mafuta zaidi na shinikizo la damu la juu zaidi. Tena, kuzaliwa na kukulia mahali penye maisha ya mjini kuliongeza madhara juu ya yale ya kuishi huko ukubwani. Utotoni ndipo mwili unapofundishwa.

Tanzania nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1989 ulichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 wa miaka 15 na zaidi, katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika mmoja katika mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9. Hesabu hizi mbili hazilingani kwa umri, mahali wala njia za kupima, kwa hiyo mwanafunzi asizitoe moja katika nyingine. Hata hivyo mwelekeo wake hauna shaka.

Upande wa wasichana jambo hili lina uzito wa namna yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Msichana aliyedumaa ambaye bado anakua hugawana chakula na mtoto aliye tumboni. Mtoto huzaliwa mdogo, mwenye misuli michache, na safari tuliyoieleza huanza upya.

DARASANI, JIKONI NA UWANJANI

Wengine wakisikia haya hukimbilia kumnyima chakula mtoto mnene. Hilo halifai. Mwili unaokua ukinyimwa chakula hupunguza mafuta na misuli pamoja, na yawezekana ukafupisha urefu uliobaki. Lengo la mtoto kama huyo kwa kawaida ni kuuzuia uzito usipande haraka huku urefu ukiongezeka.

Jikoni, jambo la kwanza ni protini. Mahindi yana upungufu wa asidi amino mbili, laisini na triptofani. Mbaazi na kunde zina laisini nyingi. Vikiliwa pamoja vyakamilishana. Wakulima wengi hulitazama zao la mbaazi kama la kuuza India. Ilhali mwaka 2017 India ilipozuia uagizaji na bei ikaanguka, lishe iliyo ndani ya punje haikupungua hata chembe. Shule yenye ekari mbili za mbaazi ina misuli ya wanafunzi wake shambani.

Jambo la pili ni vinywaji. Soda ya kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35, yaani karibu vijiko vidogo 9, na kilokalori zisizopungua 140, bila protini wala vitamini. Kijana wa kilo 45 angetembea takriban saa nzima kuzitumia. Na mazoezi peke yake hayatoshi kufuta kinywaji: mwaka 2012 watafiti waliowapima Wahadza wa bonde la Eyasi waliona kwamba, pamoja na kutembea kwao kwingi, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku, ikilinganishwa na ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Hata hivyo mazoezi yana faida nyingine iliyo kubwa. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango wa glukosi hata bila amri ya insulini, na msuli unaotumika hukua. Kandanda, netiboli na jembe vyote vyafaa. Kuwatoa wasichana uwanjani wanapobalehe ili wakapike au wakachote maji ni desturi inayostahili kuachwa.

Kuhusu kupima: mkanda wa fundi cherehani unaweza kusaidia penye upungufu wa mizani. Kiuno kikifikia nusu ya urefu au zaidi, ni dalili ya mafuta ya tumboni. Msichana wa mita 1.48 mwenye kiuno cha sentimita 76 amepita mpaka huo, kwa kuwa nusu ya urefu wake ni 74. Yafaa mzazi ashauriwe kumpeleka kituo cha afya. Apimwe faraghani, na mwalimu wa kike, kwa ridhaa yake, na hesabu isitangazwe. Mtoto aliyechekwa mbele ya darasa hatarudi kwenye mizani, wala hatashiriki michezo, na tutakuwa tumempoteza mara mbili.

ZOEZI

1. Mtoto wa kilo 34 amepimwa kwa duteri akakutwa na kilo 19 za maji. Ukichukua kwamba asilimia 76 ya fungu lisilo mafuta ni maji, tafuta kilo za mafuta na asilimia yake.

2. Wanafunzi wawili wa miaka 14 wana uwiano wa 16. Mmoja ana urefu wa mita 1.64, mwingine mita 1.41. Tafuta uzito wa kila mmoja. Yupi anayekutia wasiwasi zaidi, na ungependa kujua nini kingine kabla ya kuamua?

3. Kwa muda wa wiki moja orodhesheni vyakula na vinywaji vyote vinavyouzwa umbali wa mita 200 kutoka lango la shule, pamoja na bei zake. Ni kipi kinachotoa protini nyingi zaidi kwa shilingi 500?